Alama 14 za PHQ-9 si sonona
Kuna washauri nasaha huona alama 10 au zaidi kwenye PHQ-9, dodoso la dalili za sonona (depression), wakaandika "sonona". Sivyo. Maswali yake 9 yanahusu wiki 2 zilizopita tu. Linachuja, halitambui ugonjwa. Tezi ya shingo ikizembea nayo huleta uchovu kama wa sonona. Na aliyewahi kukesha siku kadhaa bila kuchoka, akijiona anaweza kununua Kariakoo nzima, dawa za sonona peke yake zinaweza kumrudisha kwenye hali hiyo ya msisimko.

Huna mafunzo ya kutofautisha? Andika ulichokiona, kisha umpe rufaa kwa ridhaa yake. "Nenda Muhimbili" ya mdomo si rufaa: barua itaje dalili, zilianza lini, dawa anazotumia. Swali la 9, la kujidhuru, likipata hata alama 1, muulize papo hapo, usingoje jumla.