Dumu la Petroli Mbele ya Darasa

Mwonyeshe mwanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya sanaa, naye atauliza kwanza: "Ujumbe wake ni nini?" Simlaumu. Kwenye fasihi tumemzoeza kuorodhesha dhamira, na orodha hiyo ndiyo inayompa alama. Lakini katika kazi yangu ya elimu ya makumbusho nimeona mara nyingi kwamba ujumbe ukitangulia, macho hulala. Kijana anaandika "utumwa ni mbaya", anafunga daftari, na hakuna alichokiona. Fani na maudhui tunavitaja pamoja kila siku, kisha fani tunairuka.

Ndiyo maana kipindi chetu cha biashara ya utumwa huanza na dumu. Dumu la plastiki la lita 20, hilihili la kuchotea maji. Naliweka mezani bila mfuniko, na kwa dakika kumi hatusemi maana, tunasema tunachokiona tu. Mikwaruzo. Kitako kimebonyea. Ufa umezibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Safari moja binti aliyekaa nyuma alikuja mbele, akaliinamisha hadi tundu lake likaelekea darasani, akasema: "Mpini ni pua. Hapa amefungua mdomo." Darasa zima likanyamaza.

Hapo ndipo ninapotoa picha ya La Bouche du Roi, kazi ya Romuald Hazoumè, msanii aliyezaliwa Porto-Novo, Benin, mwaka 1962. Ni vinyago 304 alivyovitengeneza kwa madumu ya petroli na kuvipanga sakafuni kwa umbo la meli. Jina hilo ni la mahali katika pwani ya Benin ambako watumwa walipakiwa. Mpangilio unafuata mchoro wa meli iitwayo Brookes, ambao wapinzani wa biashara hiyo waliusambaza Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, ili watu wenye starehe zao waone binadamu walivyolazwa wakibanana kama mizigo. British Museum ya London iliinunua kazi hii mwaka 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa.

Kwa nini madumu? Benin kuna vijana wanaosafirisha petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki. Dumu hupashwa moto ili litanuke, libebe zaidi ya kiasi chake. Kila likitanuka, kuta zake zinakuwa nyembamba, hadi siku linapopasuka na kutupwa. Nikishaeleza hivyo nanyamaza, maana wanafunzi humalizia wenyewe: chombo kilichobebeshwa mpaka kikaisha. Kutoka hapo mazungumzo hayabaki tena karne ya 18. Wanataja dereva wa bodaboda anayelala na deni la pikipiki. Wanataja dada wa jirani aliyeahidiwa kazi nje ya nchi, alipofika tajiri akamshikilia pasipoti. Sijawahi kuyaandaa maswali hayo kwenye andalio la somo.

Walio karibu na Unguja wana bahati zaidi. Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden katika miaka ya 1990. Wageni wengi husimama ukingoni, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi huwaomba wanafunzi wachuchumae na kukaa hivyo kwa muda, wautazame mnyororo shingoni kwa shingoni.

Mwalimu ajue jambo moja kabla ya kuingia. Kwenye pwani yetu waliouza, walionunua na waliokopesha mtaji walikuwa wa asili nyingi, na wajukuu wao wanakaa dawati moja. Nimeshuhudia kijana akigeukiwa na wenzake kwa sababu ya jina la ukoo wake. Mtoto haulizwi biashara ya babu wa babu yake. Lisemeni hilo mapema, kwa sauti, kabla hasira haijatafuta pa kutua.

Mwishoni nawapa kazi ya nyumbani: lete kitu kimoja kilichotumika hadi kikachoka, ueleze kilivyo, na nani alikuwa nacho. Kijana mmoja alileta ngata ya mama yake, ya kitambaa cha kanga, ambayo mama huweka kichwani chini ya beseni la ndizi. Hakuandika dhamira hata moja. Aliandika kwamba upande mmoja umelalia zaidi, kwa sababu mama hushika beseni kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto amemshika mdogo wake.