Kiwanda cha Kitani cha Shrewsbury: Nguzo za Chuma na Watoto wa Zamu

Katika kitongoji cha Ditherington, mjini Shrewsbury, Uingereza, lipo jengo la matofali la ghorofa tano ambalo mpita njia anaweza kulipita bila kugeuka. Kuta zake hazina nakshi. Makuu yake yamo ndani.

Viwanda vya nyuzi vya mwishoni mwa karne ya 18, jengo hili lilipojengwa, vilikuwa na sakafu na boriti za mbao. Mbao zilinywa mafuta ya mashine, vumbi la kitani lilijaa hewani, na giza likiingia watu walifanya kazi kwa mishumaa na taa za mafuta. Cheche moja ilitosha kuangamiza kila kitu. Mwaka 1796 moto uliteketeza kiwanda kimojawapo cha John Marshall na washirika wake, ndugu wawili wa ukoo wa Benyon, mjini Leeds. Basi walipoamua kujenga Shrewsbury, walitaka jengo lisiloshika moto.

Kazi hiyo aliichukua Charles Bage, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mpima ardhi. Tayari William Strutt wa Derby alikuwa ametumia nguzo za chuma, ila boriti zake zilibaki za mbao zilizofunikwa kwa lipu. Bage akaenda mbele zaidi: nguzo za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, boriti za chuma cha kusubu, na kati ya boriti na boriti, matao ya matofali yanayobeba sakafu ya juu. Chuma hicho kilisubiwa na William Hazledine, hapohapo Shrewsbury. Jengo lilikamilika 1797, la kwanza duniani kusimama kwa kiunzi cha chuma ndani. Nguzo zake zimenenepa katikati na kupungua kwenye ncha, maana Bage alijua kwamba nguzo iliyoelemewa huanza kupinda katikati. Maghorofa marefu ya Chicago, nayo yenye kiunzi cha chuma, yalikuja karibu karne moja baadaye, na ndiyo maana wengi huliita jengo hili babu wa maghorofa.

Lakini sifa hizi za chuma zisitusahaulishe nani alifanya kazi chini ya matao hayo. Wengi walikuwa watoto, na baadhi yao walilala katika nyumba ya wanagenzi iliyojengwa kando ya kiwanda. Mwaka 1832 Jonathan Downe, aliyeanza kazi hapo akiwa na miaka 7, alieleza mbele ya kamati ya Bunge kwamba mtoto aliyesinzia alipelekwa kwenye tangi la maji lililokuwa pembeni ya chumba, akashikwa miguu, akazamishwa, kisha akarudishwa kazini. Mimi siwezi kusifu ubunifu wa nguzo zile bila kuutaja ushahidi huu. Bage alilinda mashine na mtaji dhidi ya moto. Mwili wa mtoto haukuwa na kinga.

Kitani kilikoma 1886. Mwaka 1897 jengo likageuzwa kuwa la kutengeneza kimea cha shayiri, na hapo sura yake ikabadilika kabisa. Wasokotaji walihitaji mwanga, hivyo madirisha ya awali yalikuwa makubwa na mengi. Shayiri inayochipua hutaka giza na ubaridi, kwa hiyo mengi yakazibwa kwa matofali na mengine yakapunguzwa. Katika Vita Vikuu vya Pili liligeuka kambi ya askari. Kimea nacho kikaisha 1987, na jengo likabaki tupu kwa miaka mingi.

Shirika la urithi wa kihistoria la English Heritage lililinunua 2005, na baada ya ukarabati mrefu lilifunguliwa tena 2022, likiwa na ofisi juu na maonyesho chini. Lililonifurahisha zaidi ni uamuzi kuhusu madirisha. Ingekuwa rahisi kuyarudisha yote kama ya 1797 na kuifuta miaka 90 ya kimea. Badala yake, baadhi yalizibuliwa hadi ukubwa wake wa kwanza, na mengine yakaachwa madogo kama watengeneza kimea walivyoyaacha. Ukisimama nje leo, utayaona ya aina zote mbili kwenye ukuta mmoja.