Pesa Zinazoruka na Pesa Zinazobaki Chini: Kuunda Droni ya Kwanza Malindi

Kijana mmoja wa Mambrui alinijia kibandani Alhamisi moja baada ya alasiri. "Salaam aleikum, ami. Nimeleta droni."

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Iko wapi?"

Akafungua begi la shule, akanipangia mezani mota nne za 2306 zenye KV 1750, betri ya 3S, propela za inchi kumi, na ESC nne, vibao vya kuigawia mota umeme, za ampea 20. Maana ya namba hizi nitaieleza mbele. Kila kitu kipya, kizima, na hakuna kilichomfaa mwenziwe. Akiba yake ya msimu mzima wa kuuza samaki ilikuwa pale mezani, na haingeruka. Ilikuwa kama kutweka tanga la jahazi juu ya ngalawa.

Kazi yangu ni kutengeneza redio za boti na simu hapa Malindi, na droni naunda kwa mapenzi. Naandika haya kwa ajili ya wengine kama yule kijana, maana kosa lake nimeliona mara nyingi: mtu ananunua kila kilicho rahisi siku ile, kisha ndipo anauliza kama vinakubaliana.

Mimi hugawa pesa mafungu mawili, zinazoruka na zinazobaki chini. Kinachoruka kitaanguka. Droni ya kwanza huanguka wiki ya kwanza, na ya pili pia. Rimoti, chaja na vifaa vya kulehemu havianguki, na ukivichagua vizuri vitaitumikia droni ya tatu na ya nne. Kwa hiyo kwenye fungu la chini usibane, na kwenye fungu la juu nunua kile unachoweza kukibadilisha kipande kwa kipande. Hilo la vipande kwetu lina uzito wake, kwa sababu kipuri kikifa hapa hakuna duka la kukimbilia jioni hiyohiyo. Unaagiza, unasubiri wiki kadhaa.

Na kabla ya kutuma hata shilingi moja, nenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Kanuni za mwaka 2020 zinataka kibali cha kuingiza droni nchini, zinataka isajiliwe, na mwenye kusajili awe ametimiza miaka 18. Juu ya ardhi usipite futi 400, yaani kama mita 120. Uwanja wetu wa ndege umo mjini kabisa, ndege zinashuka juu ya mapaa ya watu, kwa hiyo hapa mjini usithubutu. Mimi hurusha shambani kwa ndugu zangu, njia ya Marafa. Anga ya upande wetu ina historia yake: tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni, ikawa ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Anga ya namna hiyo inaingiwa kwa adabu.

Sasa bei. Hizi ni za daftari langu, kwa bei za maduka ya nje nikizigeuza kuwa shilingi, kabla ya usafiri na ushuru. Zilizobaki chini: rimoti 8,500, chaja 5,000, vifaa vya kulehemu pamoja na mita ya kupimia umeme 5,000. Jumla 18,500. Zilizoruka: mota nne 8,000, fremu 4,000, ESC nne 6,000, bodi ya udhibiti 4,500, risiva (kipokezi cha rimoti) 1,600, betri mbili 7,000, propela seti tano 2,000. Jumla 33,100. Kamera na miwani ya kuonea picha sikuweka. Jifunze kwanza kwa kuiangalia kwa macho yako. Miwani peke yake inaweza kumeza nusu ya pesa hizo.

Rimoti ndiyo ya kwanza kununuliwa, hata kabla ya fremu. Tafuta yenye mfumo wa redio wa ExpressLRS wa gigahezi 2.4. Mfumo huu ni wa wazi, mtu yeyote anaweza kutengeneza risiva yake, na ndiyo maana risiva zake ni rahisi. Hakikisha rimoti inaunganishika na kompyuta kwa waya wa USB. Ukishaunganisha, weka programu ya mazoezi ya kurusha droni, ufanye mazoezi mwezi mzima. Kuanguka kwenye kompyuta ni bure. Yule kijana nilimwazima rimoti yangu na kompyuta ya zamani, na wiki ya nne vidole vyake vilikuwa vimeacha kutetemeka. Propela alizookoa mwezi ule sijui nizihesabu vipi.

Fungu la juu linaanza na betri, kwa sababu betri ndiyo inayoamua mota, mota inaamua ESC, na propela inazifunga zote pamoja. Betri ya 4S ina seli nne. Kila seli ni volti 3.7 kwa kawaida na 4.2 ikijaa, kwa hiyo betri nzima ni volti 14.8, ikijaa 16.8. KV ya mota maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya KV 2400 kwenye volti 14.8 inatafuta mizunguko 35,500 hivi. Ile 2306 ni vipimo vya kiini chake: upana milimita 23, kimo milimita 6. Basi kwa fremu ya inchi tano, yaani ya propela za inchi tano, na betri ya 4S, tafuta 2306 au 2207 yenye KV kati ya 2300 na 2500. Mota za kijana, za KV 1750, ziliundwa kwa 6S. Angezipa betri ya 3S zingepata nusu tu ya volti zake, na angezivisha propela za inchi kumi, zingehangaika kuusukuma mzigo usio wao, zikivuta umeme kwa pupa. ESC za ampea 20 ndizo zingeungua kwanza.

ESC ndicho kibao kidogo kinachoigawia mota umeme. Siku hizi wengi hununua kibao kimoja chenye ESC nne ndani yake, na kweli ni kisafi, waya chache. Lakini moja ikiungua umepoteza zote nne. Mimi kwa anayeanza huku pwani namshauri achukue nne zilizotengana, za ampea 35, kila moja kwenye mkono wake wa fremu, na anunue ya tano iwe akiba. Najua wataalamu wengine watanipinga. Wao kipuri hakiwachukui wiki tatu.

Bodi ya udhibiti, sisi tunaiita ubongo, chukua yenye prosesa ya familia ya F4 au F7. Utakutana na F3 za bei ya kutupa. Betaflight, programu ya bure tunayoitumia, ilishaacha kuzihudumia. Fremu iwe ya kaboni, na mikono yake ifunguke mmoja mmoja. Kaboni inapitisha umeme, basi kila waya ulio uchi usiiguse.

Uzito nao upige hesabu kabla ya kununua. Fremu gramu 110, mota nne 130, ESC 32, propela 18, betri ya 4S ya mAh 1500 kama 175, halafu ubongo, waya, skrubu na vidogovidogo 40. Unapata kama gramu 500. Mota hizi, kila moja, inaweza kusukuma zaidi ya kilo moja. Ni nguvu nyingi kupita haja ya mwanafunzi, kwa hiyo ndani ya Betaflight punguza kikomo cha nguvu ya mota mpaka ujizoeze. Ukirusha kwa upole utapata dakika sita hadi nane angani.

Kulehemu ndiko kunakotenganisha droni iliyo hai na iliyokufa. Tumia risasi ya kulehemu ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na risasi 37, na flaksi (dawa ya kusafishia kiungo) ya kutosha. Waya mnene wa betri unanyonya joto, basi chuma kiwe cha moto wa kweli, si kile kidogo cha kutengenezea simu. Kiungo kizuri kinang'aa na risasi imelowea waya wote, kibaya kimefura kama tone la nta. Kwenye miguu ya betri lehemu kapasita ya mikrofaradi 1,000, volti 35, ile yenye upinzani mdogo wa ndani. Upande wenye mstari ni hasi. Mota zikifunga breki hurudisha mishtuko ya umeme, na kapasita inaimeza kabla haijaufikia ubongo. Bila hiyo utaona droni inatetemeka angani na hutajua kwa nini.

Bodi yangu ya kwanza kabisa niliiua kwa kugeuza chanya na hasi. Moshi mwembamba, harufu, basi. Tangu siku ile siunganishi betri kwa mara ya kwanza bila taa. Chukua balbu ya breki ya gari, volti 12 wati 21, uiweke katikati ya waya chanya wa betri na droni. Kama kila kitu ni sawa, balbu inamulika kidogo tu halafu inafifia. Ikiwaka na kubaki kuwaka, chomoa: kuna mahali umeme unapita njia ya mkato. Kwa droni ya kijana wetu, balbu iliwaka na kubaki kuwaka. Tulitafuta kwa kioo cha kukuzia, tukakuta chembe ya risasi ndogo kuliko punje ya mtama imelala katikati ya miguu miwili ya ESC. Tukaifuta, balbu ikafifia. Balbu ya shilingi kidogo iliokoa ubongo wa 4,500.

Kisha kuna bahari. Chumvi iko hewani hapa, huihitaji kuigusa. Ukimaliza kulehemu na kujaribu, paka bodi zote vanishi ya silikoni ya kukinga saketi, ukiziba kwanza tundu la USB na vitufe. Usiiweke droni mchangani. Mchanga wetu una punje nyeusi zinazodakwa na sumaku, na mota ni sumaku tupu. Zikiingia ndani zinasaga waya za shaba. Mimi hurushia kutoka juu ya jamvi. Jamvi la ukindu la kawaida, limekunjwa mara mbili.

Betri hizi za lithiamu zinataka heshima. Chaji kwa ampea zinazolingana na ukubwa wake, mAh 1500 ni ampea 1.5, na itachukua kama saa moja. Weka ndani ya chungu juu ya sakafu ya saruji, usiondoke. Seli isishuke chini ya volti 3.5 ukishatua. Kama hutarusha kwa siku kadhaa, ziache kwenye 3.8, si zimejaa. Usiziache ndani ya tuktuk juani. Ikivimba, imekwisha, hata kama bado inawasha.

Kwenye Betaflight, propela zisiwe kwenye mota. Nasema tena, propela zisiwepo mpaka mwisho kabisa. Mota ya 1 iko nyuma kulia, ya 2 mbele kulia, ya 3 nyuma kushoto, ya 4 mbele kushoto. Zungusha moja moja uhakikishe kila namba iko mahali pake na inazunguka upande wake. Mbili zinakwenda na saa, mbili kinyume. Weka swichi ya kuruhusu mota kuwaka. Weka hali ya kujisawazisha, ambapo ukiachia kijiti droni inakaa sawa yenyewe. Halafu zungusha mota polepole na uzime rimoti: lazima zisimame. Zisiposimama, hapo hakuna kuruka.

Wakati wa kurusha ni alfajiri. Kusi likishika, saa nne ya asubuhi upepo umeshakuwa mwalimu mkali. Msimu wa tangambili ndio mwema zaidi, kabla pepo hazijaamua zinakotaka kuelekea.

Kijana aliuza zile mota za KV 1750 kwa mtu aliyekuwa na 6S, akaongeza, akanunua zinazofaa. Alishakuwa na miaka 19, usajili aliufuata mwenyewe. Jumapili moja tukaenda shambani mapema, umande ungali kwenye majani ya mihogo. Akatandika jamvi, akarudi hatua kumi. Droni ikapanda mpaka kimo cha mpapai, ikakaa. Ilitikisika kidogo, akairekebisha, ikakaa tena. Sekunde arobaini. Akaishusha mwenyewe juu ya jamvi, akanitazama bila kusema neno.

Nikamwambia aguse mota kwa kidole, moja moja, kama nifanyavyo kila baada ya mruko wa kwanza. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kulia ilichoma. Tukaichomoa betri, tukaifungua pale pale juu ya jamvi: skrubu zake mbili zilikuwa ndefu kupita wenzake kwa milimita mbili, ncha zimeanza kukwaruza waya za shaba ndani. Tukaweka mita, mguu mmoja kwenye skrubu, mwingine kwenye waya wa mota. Haikulia. Shaba ilikuwa bado haijatobolewa. Tukabadilisha skrubu, tukapima tena, akaomba betri ya pili.