Barafu inayoyeyuka ndiyo inayofanya kazi

Msimu wa kaskazi, mashua za uvuvi zikirudi Kizingitini na Faza, kisiwani Pate, lalamiko ni lilelile: barafu yote imekuwa maji, pesa imekwenda na maji. Mimi kazi yangu ni ubora wa samaki, na hili naona lafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu barafu isiyoyeyuka haimpozi samaki kwa kiasi cha maana.

Ndani ya barafu, chembe za maji zimeshikana, kila moja mahali pake, zikitetemeka tu. Ili ziachane na kuwa kimiminika, lazima zipate joto. Zinalipata kwa samaki aliyelazwa juu yake. Na muda wote barafu inapoyeyuka, kipimajoto hubaki sifuri: joto linaingia, nyuzi hazipandi. Joseph Black wa Scotland alilichunguza jambo hili miaka ya 1760, na leo tunaliita joto fiche.

Tazama hesabu yake. Kilo 1 ya barafu iliyo nyuzi 10 chini ya sifuri hufyonza kilojuli 21 hivi (kilojuli ni kipimo cha joto) kufika sifuri. Kuyeyuka, ikiwa papo hapo kwenye sifuri, hufyonza kilojuli 334. Joto hilo lingetosha kuyapasha maji yaleyale hadi karibu nyuzi 80, maji ya kukuunguza mkono! Kwa hiyo kilo 10 za changu waliotoka majini na nyuzi 30 huhitaji kilo 3 na kitu za barafu kufika sifuri. Hiyo ni hesabu ya daftarini. Jua, mbao za mashua na kufunguafungua sanduku navyo hula barafu, ndiyo maana nasisitiza kilo ya barafu kwa kilo ya samaki.

Iponde. Bonge humgusa samaki sehemu chache, na hewa iliyobaki katikati hupitisha joto kwa shida. Kisha usidanganywe na ngozi: choma kipimajoto kwenye mnofu mnene nyuma ya kichwa, karibu na uti. Nje anaweza kuwa baridi kabisa, ndani bado nyuzi 15.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuchanganya barafu iliyopondwa na maji ya bahari, yachotwe mbali na gati. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Maji ya bahari hayagandi mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Barafu huzidi kuyeyuka, ikivuta joto hata kwenye mchanganyiko wenyewe, nao hushuka chini ya sifuri kidogo na kumzunguka samaki mwili mzima.

Friza ya nyumbani si mbadala wa haya. Hugandisha polepole, maji ya mnofuni hufanya chenga kubwa za barafu zinazopasua nyama, na samaki akiyeyushwa hulegea.

Akishapoa, mtoe, mpange kwenye sanduku lenye tundu chini, barafu kwa tabaka, ili maji yenye damu na vijidudu yatoke na yasimlowanishe njia nzima mpaka Lamu mjini.