Kupunguza Uzito Kuanzie Kwenye Kijiko cha Mafuta

Katika kliniki ya lishe ninakofanya kazi hapa Tanga, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Nile nini nipungue?" Anayeuliza huwa ameshajaribu mengi. Aliacha wali mwezi mzima, akanywa maji ya ndimu kila alfajiri, pengine akanunua chai ya kukondesha iliyomfanya ashinde msalani, na kilo alizopoteza zikarudi na wenzake. Mimi humjibu kwa swali jingine: mafuta ya kupikia nyumbani kwako hupimwa au humiminwa? Karibu wote hujibu kwamba humiminwa.

Mama mmoja mkazi wa Ngamiani alikubali tufanye jaribio jikoni kwake. Nilimwomba amimine mafuta ya mchuzi wa siku hiyo kama kawaida yake, ila badala ya kuyamimina sufuriani ayamimine bakulini. Kisha tukayahesabu kwa kijiko kikubwa, kijiko baada ya kijiko, na hesabu ikafika kumi. Familia yake ni ya watu watano, kwa hiyo kila mmoja angekula vijiko viwili vya mafuta katika mchuzi peke yake, kabla hatujagusa wali wala samaki aliyekwisha kukaangwa pembeni. Aliyatazama yale mafuta kwa muda, akasema, "Na mimi najihesabu mpishi mwepesi wa mafuta."

Hesabu yenyewe ni rahisi kuielewa. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hubeba takribani gramu 14, yaani kilokalori zipatazo 120. Mtu mwenye kilo 70 anayetembea kwa mwendo wa haraka hutumia kiasi hicho kwa karibu nusu saa. Kupunguza vijiko viwili vya mafuta kwenye mlo wa mtu mmoja kwa siku ni sawa, kwa upande wa nishati, na kumtembeza saa nzima, na mwenye kazi, watoto na foleni ya maji hawezi kuipata saa hiyo kila siku. Ndiyo maana nasema, bila kuyadharau mazoezi ambayo nitayarudia baadaye, kwamba uzito hupungua zaidi jikoni, na mazoezi huulinda upungufu huo usipotee.

Baada ya mafuta ya chupa yapo mafuta tusiyoyahesabu kuwa mafuta, nayo ni nazi. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Sitamwambia mtu wa pwani aache nazi, kwanza kwa sababu hataacha, na pili kwa sababu hakuna haja. Tatizo langu ni ile siku ambayo wali ni wa nazi, maharage ni ya nazi na mchicha nao umeungwa kwa nazi, vyote katika mlo mmoja. Ushauri wangu ni kwamba katika mlo mmoja chungu kimoja tu ndicho kipewe tui. Ikiwa leo ni wali wa nazi, basi maharage yaungwe kwa nyanya na vitunguu, na samaki awe wa kuchoma au wa chukuchuku kwa ndimu na pilipili. Katika chungu hicho kimoja, kasimile, yaani tui zito la kwanza, isitiwe yote, kwani tui jepesi la pili hutosha kuivisha maharage, na kasimile kidogo ikitiwa mwishoni huleta harufu na ladha ileile aliyoizoea mlaji.

Sukari nayo ina maficho yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoihitaji mtu kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, kiwango ambacho kwa mtu mzima wa wastani ni kama gramu 25, yaani vijiko vidogo sita. Anayekunywa chai mara tatu kwa siku na kutia vijiko vitatu kila kikombe amekwisha kufika tisa, na bado hajala maandazi. Soda moja ya mililita 350 huongeza vijiko vingine vinane au tisa. Hapa sipendekezi kukata ghafla. Ulimi hujifunza polepole, kwa hiyo anayepunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili hufika kijiko kimoja kabla ya miezi miwili na nusu kupita, na wengi hunieleza kuwa baada ya hapo chai ya majirani huwaonekea tamu kupita kiasi. Chungwa la Muheza nalo ni heri liliwe lilivyo, pamoja na nyuzinyuzi zake, kuliko kukamuliwa manne yanywewe kwa pumzi moja.

Asubuhi ndiyo saa rahisi zaidi ya kubadilisha. Muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha pamoja na mbaazi au yai la kuchemsha hushibisha kwa muda mrefu kuliko maandazi manne yaliyopikwa kwa mafuta ya kuzamisha, na mara nyingi gharama yake haizidi. Maandazi yabaki ya Ijumaa, au ya siku yoyote moja ambayo nyumba itajichagulia.

Mchana na usiku huwa pagumu zaidi, kwa sababu wengi wetu tunakula sinia moja. Kula pamoja ni heshima na ni undugu, nami nisingependa kuona sinia ikivunjwa kwa ajili ya kupunguza uzito, lakini ukweli ni kwamba mlaji wa sinia hajui amekula kiasi gani, na adabu humtaka aendelee kutia mkono maadamu mwenzake hajanawa. Dawa yake iko kwa mpakuaji. Kilima cha wali kiwe kifupi, na nusu ya sinia ipewe mboga za majani, kachumbari na kabichi au karoti zinazoteremka kutoka Lushoto, kisha robo moja iwe ya samaki, dagaa au maharage. Kila mlaji aanze upande wa mboga. Anayekula sahani yake peke yake afuate mgawanyo huohuo, na ugali wake usizidi ukubwa wa ngumi yake, ukiwa wa dona ni bora kuliko wa sembe.

Swali linalofuata ni namna ya kuyafanya haya yadumu. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu waliojichagulia tendo moja la kiafya la kurudia kila siku, kama vile kula tunda kwenye mlo wa mchana, wakitaka kujua ni lini tendo hilo linakuwa mazoea yasiyohitaji kufikiriwa. Kwa wastani ilichukua siku 66, ila kulikuwa na waliozoea kwa siku 18 na wengine ambao hesabu iliwapeleka hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa msomaji, kwa kuwa wengi wanaoacha hawashindwi na njaa, bali hukata tamaa baada ya kuteleza siku moja na kujiona wameshaharibu kila kitu.

Tendo jipya hushika haraka likifungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku kwa saa ileile, na kwa mazoezi ya nyumbani jambo hilo si la kutafutwa mbali. Maji ya chai yakiwa jikoni, mtu anaweza kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti mara kumi bila kujishika, akapumzika, akarudia. Kisha aegemeze viganja ukutani na kujisukuma mara kumi. Hatua ya tatu ni baraza: kupanda kwa mguu wa kulia, kuteremka, kisha wa kushoto, kwa dakika tano. Hapo birika limeshachemka. Wanawake ambao hawapendi kukimbia barabarani huniuliza wafanyeje, nami huwaonesha kwamba ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, ule unaotoka mlango wa mbele hadi uani, unatosha kabisa kwa kutembea kwa nguvu kwenda na kurudi, magoti yakiinuliwa. Anayetembea katika chumba kimoja huku akipiga hatua palepale naye pia anafanya mazoezi.

Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili. Ya wastani ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Asiyezoea aanze na dakika kumi kwa siku na kuongeza tano kila baada ya wiki moja au mbili. Mazoezi ya misuli yasiachwe, kwa maana anayepungua kwa kupunguza chakula pekee hupoteza na misuli pamoja na mafuta. Kwa joto na unyevu wa hewa ya hapa kwetu, saa nzuri ni baada ya alfajiri au jua likishaelekea Magharibi. Mwenye baiskeli, na Tanga hatujawahi kupungukiwa na baiskeli, aitumie kwenda sokoni badala ya bodaboda, na dakika hizo azihesabu.

Kupima maendeleo hakuhitaji mizani ya bei. Chukua uzi, uukate sawa na urefu wako tangu utosini hadi kisiginoni, uukunje katikati ubaki nusu, kisha uuzungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. Usipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, nayo ni dalili kwamba mafuta yamejikusanya ndani ya tumbo, mahali yanapohusiana zaidi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Uzi huo uhifadhiwe, upimwe mara moja kwa mwezi. Mwenye mizani apime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, na aridhike akishuka nusu kilo. Mwenye kilo 80 akipungua nne tu, yaani asilimia 5, mara nyingi shinikizo la damu na sukari yake huanza kushuka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, ulionesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya lishe haviwezi kukitatua. Mtaani kwetu aliyenenepa huambiwa amenawiri, na aliyepungua huulizwa anaumwa nini, au husemwa kuwa mumewe hamtunzi. Nimewaona wanawake wakiacha mpango uliokuwa ukienda vizuri kwa sababu ya salamu za namna hiyo kwenye misiba na harusi. Heri familia ijulishwe mapema, na mume na watoto wale chakula hichohicho, kwani kumpikia mmoja chungu chake peke yake humtenga na humchosha mpishi, na mpango haufiki mwezi wa pili.

Baada ya miezi kadhaa uzito utasimama, hata kama mtu hajabadilisha lolote. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko ulipokuwa mzito, na homoni za njaa hupanda huku zile za shibe zikishuka, kana kwamba mwili unazidai kilo zake. Hapo ndipo watu hurudi kwenye chai za kukondesha, ambazo nyingi hutoa maji na kinyesi, mafuta yakabaki palepale. Afadhali kubaki hapo miezi miwili au mitatu bila kurudi juu, mazoezi yakiongezwa kidogo, kuliko kujinyima chakula.

Wapo wasiopaswa kuanza bila kuonana na daktari: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye maradhi ya moyo au anayepata maumivu ya kifua akipanda ngazi, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge, kwa kuwa chakula kikipungua na dawa ikabaki vilevile sukari inaweza kushuka kwa hatari. Wa kisukari anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Na anayekonda bila kukusudia aende hospitali haraka, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya kifua kikuu au kisukari.

Yule mama wa Ngamiani alinijia baada ya Idi akiwa na haya usoni, akaeleza kwamba siku tatu za sikukuu hakupima mafuta, na sambusa alikula bila kuhesabu. Nilimuuliza siku ya nne alifanya nini. Alisema alirudisha kijiko juu ya mfuniko wa dumu la mafuta, mahali pake, akapika mchuzi kwa vijiko vinne.