Deikea imejaa watoto, mbona pesa haikai?

Dhana: Deikea, yaani kituo cha kulea watoto mchana, ikishajaa itajiendesha.

Ukweli: Watoto wa kwenye daftari si watoto wa kwenye mkeka. Mama wa Changamwe au Mikindani, mitaa ya Mombasa, anayeishi kwa kibarua hulipa siku anayomleta mtoto tu. Akikosa kazi, mtoto hukaa nyumbani nawe hupati kitu, ilhali kodi haingoji.

Chukua mfano huu. Watoto 20, shilingi 150 kwa siku, siku 26 za mwezi: zinaingia 78,000. Kodi ni 12,000 na wasaidizi wawili hulipwa 16,500 kila mmoja. Hizo ni 45,000, waje watoto wasije. Uji, chakula cha mchana na gesi, 40 kwa mtoto kwa siku, ni 20,800. Unabaki na 12,200, na humo ndimo utoe maji, sabuni na ujira wako mwenyewe. Sasa wastani ushuke hadi watoto 14. Zinaingia 54,600, chakula ni 14,560, na zile 45,000 ziko palepale. Umeingia hasara ya 4,960. Katika hesabu hii, chini ya watoto 16 kwa siku unajilia mtaji.

Dawa ni kutoza nafasi badala ya siku. Mzazi alipe 840 Jumatatu asubuhi kwa siku sita, badala ya 900. Wote 20 wakilipa hivyo, hata wakija 14 unabaki na 13,240. Asiyeweza kulipa kwa wiki aendelee na 150 ya siku. Usimfukuze, maana mara nyingi ndiye anayekuhitaji zaidi.

Dhana: Likizo za shule hazituhusu, sisi tunalea wachanga.

Ukweli: Aprili, Agosti na Desemba dada mkubwa yuko nyumbani, na mdogo huachiwa yeye. Aprili huja na masika juu yake. Toza nusu bei kumshikia mtoto nafasi, na kila wiki ya shule weka akiba kwenye laini ya simu tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani. Pesa ya ada ikichanganyika na ya unga, huwezi kujua kituo kinapata au kinakula.

Dhana: Ramadhani ni mwezi mkavu.

Ukweli: Saa ndizo zinazohama. Muuza mahamri na mbaazi wa asubuhi huhamia kuuza futari jioni, kwa hivyo mtoto wake atakuja alasiri. Waulize kina mama wiki mbili kabla, kisha msogeze msaidizi mmoja zamu ya jioni.

Dhana: Leseni ni shughuli ya siku ya kufungua.

Ukweli: Kibali cha biashara cha kaunti hulipiwa kila mwaka, na mpishi hupimwa upya kila miezi 6 kwa ajili ya cheti chake cha afya. Zigawe gharama hizo kwa mwezi.

Dhana: Ukiongeza watoto kwa wasaidizi walewale, faida huongezeka.

Ukweli: Kwa walio chini ya mwaka mmoja, mlezi mmoja hawezi zaidi ya watatu au wanne. Akizidiwa, haoshi mikono baada ya kubadilisha nepi, kisha ndiye anayegawa uji. Mfereji ukikauka mkawa mnategemea mitungi ya mkokoteni, kuhara huzunguka chumba kizima kwa siku chache, na nusu ya watoto hubaki nyumbani. Tenga mtungi wa lita 20 wenye bomba kwa mikono pekee, sabuni kando yake. Maji ya chumvi ya kisima yanatosha kwa sakafu. Ya kunywa yachemshwe. Anayehara akae nyumbani hadi siku mbili zipite bila kuhara.