“S toa P” maana yake nini?

Wanafunzi wa jiofizikia hapa Goma wanaingia kwenye somo la matetemeko wakiwa tayari wanajua ardhi ikitikisika inakuwaje, mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 na baada ya hapo tulitikisika siku nyingi, usiku na mchana, kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Kwa hiyo mimi sianzi na fomula. Nauliza tu: ulisikia mara moja ama mara mbili?

Tetemeko ikipiga inatuma mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. P inasukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule inakokwenda, na njo inakimbia sana, karibu kilometa 6 kwa sekondi. S inatikisa kwa ubavu, mbio yake kama 3,5 hivi, na mara nyingi yeye njo anaangusha ukuta. Sasa “S toa P” ni zile sekondi ulizongoja katikati ya ile ya kwanza na ile ya pili.

Fikiria moto (pikipiki) na chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) zimetoka pamoja kwenye barabara ya Sake kuja Goma. Tuseme moto inakula kilometa kwa dakika moja na nusu, chukudu kwa dakika nne. Wewe umekaa tu hapa, hukuona zikitoka, lakini moto imefika na chukudu imekuja dakika 25 nyuma yake, basi unajua zilitoka kilometa 10, bila kuuliza mtu! Ardhini ni vilevile, kila sekondi moja ya kungoja ni kama kilometa 8. Tetemeko ikitokea upande wa Bukavu, kilometa kama 100, utangoja sekondi 12 hivi. Zile za 2021 nyingi zilikuwa chini yetu hapa na chini ya ziwa, juu ya ile wengi walisikia pigo moja tu.

Kwenye karatasi ya mashine inayochora mtikisiko, P ni rahisi, mstari ulikuwa umetulia ukaruka. S inajificha ndani ya mkia wa P na hapo njo wanafunzi wanabishana na rula mkononi, na mimi nawaacha wabishane juu ukikosea sekondi moja umekosea kilometa 8. Na ule mtetemo wa volkano unaovuma masaa mazima hauna P wala S ya kuonekana, usijaribu kuupima hivi.

Steshoni moja yenye hiyo mashine inakuambia umbali tu, haikuambii upande. Inaomba tatu, unachora duara tatu kwa kompa. Mara nyingi hazikutani kwenye nukta moja, zinapandana, na mwanafunzi anaanza kufuta. Asifute. Ule umbali si wa barabara, unashuka kwa mshazari mpaka ndani ya ardhi, na kadiri tetemeko iko chini zaidi njo duara zinapandana zaidi.